MWANACHAMA AKIHAMISHA MPAKA WA JIRANI YAKE



Katika ukurasa huu tumezoea kusemezana juu ya mishahara, nyumba za kazini, saa za ziada na malipo ya uzeeni. Mara hii twaomba ruhusa yenu tuseme juu ya jambo lililo mbali kidogo na dirisha la mshahara, lakini si mbali na maisha yetu. Nchi huungana kwa mkataba, zikaahidiana undugu na kulindana. Kisha mmoja wao huondoka akamnyang'anya jirani yake ardhi, akaitangaza kuwa yake. Je, wenzake hufanya nini? Humshika mkono? Humtoa katika chama? Au hutazama chini, kama watu waliomwona mwizi usiku wakamtambua kuwa ni shemeji yao?

Ndugu mmoja aliuliza swali hili hapa Ikonge, siku ya soko, watu wakiwa wamekaa wanangoja gari. Alisema: "Tuko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jirani akiamka asubuhi moja akasema Ikonge ni yake, hao wengine watatusaidia?" Watu wakacheka sana. Lakini ndugu yule hakusema upuzi. Jambo hilo limekwisha kusemwa zamani, na aliyelisema alikuwa na jeshi.

Tuanze hapa kwetu. Waingereza walipochora ramani zao za kwanza, nchi hii yote ya upande wa magharibi, toka ziwani mpaka Naivasha, waliiandika kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Milima yetu ya Kisii nayo ilikuwa humo, ingawa wazee wetu hawakuulizwa wala hawakuambiwa. Reli ilifika Kisumu Desemba 1901, na mwaka 1902 wakuu wa Uingereza wakaliondoa jimbo hilo Uganda wakalitia katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya. Hivyo ndivyo mpaka ulivyohama, kwa kalamu, bila mtu wa Nyamira kujua kwamba jana alikuwa huku na leo yuko kule.

Miaka 74 ikapita. Februari 1976, Idi Amin, mtawala wa Uganda, akaitoa ile ramani ya zamani, akasema kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya, hata karibu na Nairobi, ilikuwa ya Uganda tangu hapo, na sehemu ya kusini ya Sudan vilevile. Sasa sikilizeni vizuri. Wakati huo Amin hakuwa mwanachama wa kawaida tu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Alikuwa ndiye Mwenyekiti wake! Alipewa kiti Julai 1975, na alikikalia mpaka katikati ya 1976. Yaani mtu aliyekabidhiwa kitabu cha sheria ndiye aliyekuwa akipima shamba la jirani kwa macho.

Ni nini kilichomrudisha nyuma? Haukuwa ule Umoja. Serikali ya Kenya ilijibu mara moja kwamba haitatoa hata inchi moja ya ardhi, ikapeleka askari mpakani. Na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa walikataa kushika mizigo iendayo Uganda. Amin akageuza maneno, akasema hakukusudia vita. Sisi wafanyakazi yafaa tuukumbuke mwaka ule. Jibu lilikuwa fupi, lilikuja siku zile zile, na hakuna aliyelikosa maana yake.

Miaka mitatu haikuisha, jambo lenyewe likatokea kwa jirani yetu mwingine. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Tanzania, wakaiteka nchi iliyo kaskazini ya mto Kagera, mkoa wa Ziwa Magharibi, karibu maili za mraba 710. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo hilo sasa ni la Uganda, na kwamba mto ndio mpaka mpya. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa ili Watanzania wasivuke. Sisi watu wa reli twajua maana ya kuvunja daraja. Avunjaye daraja hana nia ya kurudi kesho kuzungumza.

Nyuma ya mto ule watu waliumia. Ng'ombe walichukuliwa makundi kwa makundi, nyumba zikachomwa, wanawake wakadhulumiwa, maelfu wakakimbia na watoto mgongoni. Hesabu ya raia waliouawa inayotajwa sana ni kama 1,500. Kiwanda cha sukari cha Kagera kiliporwa. Tafakarini hapo, ndugu. Katika kiwanda kile walikuwako watu kama sisi, wenye zamu, wenye fomeni, wenye madai yao ya mshahara. Kwa tangazo moja la redio waliambiwa kwamba nchi waliyolala ndani yake si ile waliyoamka ndani yake, na kazi ikafa.

Basi, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulifanya nini? Katiba yake ya mwaka 1963, katika kifungu cha 3, ilisema wazi kwamba kila mwanachama ataheshimu mipaka ya mwenzake. Mwaka 1964, mkutanoni Cairo, wakuu waliongeza neno: mipaka ile nchi zilizoikuta siku ya uhuru ndiyo itakayofuatwa na wote. Sheria ilikuwapo, tena imeandikwa mara mbili. Amin aliivunja mchana, akajisifu kwa redio.

Umoja haukusema, "Umekosa, toka." Ulisema, "Ndugu wawili wamegombana, tuwapatanishe." Rais Nimeiry wa Sudan, aliyekuwa Mwenyekiti wakati huo, alituma wajumbe huku na huku. Kenya nayo ilitaka kupatanisha. Mwalimu Nyerere alikataa kupatanishwa kabla mkosaji hajaitwa mkosaji. Alitaka mambo manne: Umoja ulaumu uvamizi ule, Uganda iache kabisa madai yake juu ya ardhi ya Tanzania, ilipe fidia, na iahidi kutorudia. Mambo hayo hayakutoka. Mwishoni mwa Februari 1979 wapatanishi walikutana Nairobi, wakaondoka mikono mitupu. Nchi chache tu za Afrika zilithubutu kumlaumu Amin kwa jina. Amin mwenyewe alifanya mzaha, akasema yeye na Nyerere wamalize ugomvi wao kwa ndondi, na Muhammad Ali awe mwamuzi.

Kilichoondoa jeshi la Amin Kagera ni Watanzania wenyewe. Mwalimu aliwaambia wananchi tarehe 2 Novemba kwamba sababu wanayo, uwezo wanao na nia wanayo. Wakaingia jeshini askari wa mgambo, wakulima na vijana wa viwandani. Msumbiji, nchi maskini iliyokuwa na vita vyake yenyewe, ilitoa askari wake kuwasaidia. Upande wa pili Libya, mwanachama wa Umoja ule ule, ilimpelekea Amin askari wapatao 2,500. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Gharama ya vita vile ilimkalia Mtanzania shingoni miaka mingi baadaye, katika foleni za sukari, sabuni na mafuta.

Halafu Julai 1979 wakuu walikutana Monrovia. Huko Rais Nimeiry na Jenerali Obasanjo wa Nijeria waliikaripia Tanzania kwa kuingia Uganda na kumwondoa mtawala wa nchi nyingine. Hatusemi kwamba hapakuwa na hoja. Kulinda mpaka wako ni jambo moja, na kuingia mpaka mji mkuu wa jirani ni jambo jingine, na watu wa haki wamebishana juu yake mpaka leo. Tena hatutaficha kwamba Septemba 1972 Waganda waliokimbilia Tanzania walivuka mpaka na silaha kutaka kumpindua Amin, naye alilitumia jambo hilo kila mara kuwa kisingizio. Lakini tazameni jinsi mizani ilivyowekwa. Aliyenyang'anya ardhi hakukaripiwa na mkutano siku ile aliponyang'anya. Aliyenyang'anywa ndiye aliyekaripiwa, baada ya kujikomboa mwenyewe. Kama Umoja ungalisema neno moja zito Novemba 1978, pengine vita vingalikwisha mtoni.

Kwa nini walinyamaza? Hatudhani wakuu wale wote walimpenda Amin. Zipo sababu tatu, nasi wa chama cha wafanyakazi twazijua, kwa maana hata kwetu huingia.

Ya kwanza, kila mmoja ana mpaka wake wenye mashaka. Akimnyoshea mwenzake kidole leo, kesho atanyoshewa yeye. Ethiopia ilimeza Eritrea Novemba 1962, na miezi sita baadaye wakuu wa Afrika walikutana Addis Ababa kuunda Umoja, wakala chakula cha mwenyeji, na habari ya Eritrea haikutiwa mezani. Iliwachukua Waeritrea vita vya miaka 30 kupata uhuru wao, mwaka 1993.

Ya pili, waliweka kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani ya mwenzao, kisha wakaitandaza hata juu ya mambo yasiyo ya ndani. Mtu akimpiga mkewe tulikuwa tukisema "ni mambo ya nyumbani", nalo lilikuwa kosa. Lakini akimpiga jirani shambani mwa jirani, nyumbani hapo ni wapi?

Ya tatu, walihofia kwamba wakisema kweli mkosaji atatoka na Umoja utavunjika. Hofu hiyo si ya bure. Mfano ni Moroko, iliyoingia Sahara Magharibi mwishoni mwa 1975. Mwaka 1982 Umoja wa Afrika wa wakati ule uliwapokea Wasahara kuwa mwanachama, na mwaka 1984 Moroko ikatoka kwa hasira. Ilikaa nje miaka zaidi ya 30. Mwaka 2017 ikarudi katika Umoja mpya wa Afrika, na ardhi ile bado ingali mkononi mwake. Kusema kweli kuna gharama, nasi hatuwadanganyi wasomaji wetu kwamba hakuna.

Msifikiri ni Waafrika tu. Wazungu wana mkataba wao mkubwa wa kulindana, NATO, wa mwaka 1949, wenye silaha kuliko mikataba yote. Mwaka 1974 Uturuki, mwanachama, ilipeleka jeshi katika kisiwa cha Kupro, baada ya maafisa waliotaka kukiunganisha kisiwa na Ugiriki kuipindua serikali yake. Jeshi lile likashika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Ugiriki, mwanachama mwingine, iliona wenzake hawamzuii Mturuki, ikatoa majeshi yake chini ya amri ya NATO, ikarudi mwaka 1980 tu. Marekani iliinyima Uturuki silaha toka 1975 mpaka 1978, kisha ikamfungulia. Uturuki haikutolewa, kwa maana mkataba ule hauna kifungu cha kumtoa mtu. Walioutunga walimwazia adui wa nje, hawakumwazia ndugu wa ndani. Jambo hilo limewarudia mwaka 2025, Rais Trump wa Marekani aliposema anaitaka Greenland, iliyo chini ya Denmark, akakataa kuahidi kwamba hatatumia nguvu. Denmark na Marekani wote ni wa NATO. Ahadi yao ni kwamba akipigwa mmoja wamepigwa wote. Sasa mpigaji akiwa ni mmoja wa hao wote, na tena ndiye mwenye bunduki nyingi, nani atampigia nani?

Warusi nao wana mkataba wa kulindana na majirani zao kadhaa. Urusi ilipoitwaa Crimea ya Ukraine mwaka 2014, na mikoa mingine minne kwa tangazo la mwaka 2022, mkataba ule haukumkemea mkubwa wake. Lakini Kazakhstan, mwanachama jirani anayeitegemea Urusi kwa biashara na njia, ilisema mwaka 2022 kwamba haitatambua. Haikupiga risasi. Ilikataa tu kutia sahihi yake chini ya uongo. Hilo nalo ni tendo.

Na yupo mfano mmoja ambapo chama cha nchi kilisema. Nchi za Kiarabu zilikuwa na mkataba wa kulindana tangu 1950. Tarehe 2 Agosti 1990 Iraq iliivamia Kuwait, na tarehe 8 ikatangaza kwamba Kuwait imekuwa sehemu yake. Tarehe 10 wakuu wa Kiarabu walikutana Cairo, wakapiga kura, na nchi 12 kati ya 21 zikakubali kupeleka askari. Chama kiligawanyika vibaya, na kidonda kile kilichukua miaka kupona. Tena tusifiche kwamba waliokwenda mbele vitani ni Wamarekani, waliokuwa na haja yao ya mafuta. Lakini swali la nani ameibiwa na nani ameiba lilijibiwa katika juma moja, na Februari 1991 Kuwait ilirudi kwa wenyewe.

Ukiweka mifano hii pamoja, ndugu, waona kwamba mkataba wa kulindana ni kama taa ya gari la moshi. Inamulika mbele tu. Adui akitoka mbele, kila mtu amwona. Hatari ikitoka ndani ya behewa, taa ile haisaidii neno. Hapo yahitajiwa gadi mwenye bendera nyekundu, na kanuni inayomruhusu kulisimamisha gari hata kama mkosaji ni abiria wa daraja la kwanza.

Sisi katika chama chetu tumejifunza hivyo kwa taabu. Mwanachama akichukua fedha za mwanachama mwenzake, hatuwaiti wote wawili mbele tukasema, "Ndugu, mpeane mikono." Kwanza twauliza, ni nani aliyechukua? Tukisha kujua twamwambia arudishe. Akisha kurudisha, ndipo twaweza kuzungumza habari ya ugomvi wao wa zamani, na kama alikuwa na dai la haki litasikilizwa. Tukianza kwa kupeana mikono, mwizi huondoka na fedha mfukoni na mkono wa mwenzake mkononi. Hata wazee wetu wa Kisii, wakiitwa shambani kwa kesi ya mpaka, huanza kwa kutafuta mahali mti wa mpaka ulipokuwa. Hawaanzi kwa kuwapikia chai.

Sasa tuje kwenye siku zetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya leo ina nchi nane: Burundi, Kenya, Kongo, Rwanda, Somalia, Sudan Kusini, Tanzania na Uganda. Ndani ya Kongo, iliyoingia mwaka 2022, waasi wa M23 waliuteka mji wa Goma Januari 2025 na Bukavu Februari. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba jeshi la Rwanda liko pamoja nao. Rwanda yakana, na husema inajilinda na maadui waliokimbilia Kongo baada ya mauaji ya 1994. Hakuna aliyetangaza kwamba Goma si Kongo tena, kwa hiyo si sawa kabisa na Kagera. Lakini mtu wa Goma anayelipa kodi kwa mtu mwenye bunduki hana faida kubwa na tofauti hiyo.

Jumuiya yetu ilijibuje? Ilipeleka majeshi mwaka 2022, na Desemba 2023 Kongo ikayarudisha, ikisema hayapigani. Goma ilipoanguka wakuu waliitisha mkutano, na Rais wa Kongo hakutokea. Tarehe 8 Februari 2025 walikutana Dar es Salaam pamoja na wakuu wa nchi za kusini, wakaagiza vita vikome na watu wazungumze. Ni maneno mema. Lakini aliyeitaka Rwanda kwa jina iondoe majeshi yake ni Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, siku 13 baadaye, huko New York. Neno lililopasa kusemwa na ndugu lilisemwa na watu wa mbali.

Wala msidhani Jumuiya yetu haina kanuni. Mkataba wake wa 1999, tofauti na ule wa Wazungu, una meno. Kifungu cha 146 chasema mwanachama asiyefuata misingi ya mkataba aweza kusimamishwa. Kifungu cha 147 chasema avunjaye misingi hiyo vibaya na kwa kuendelea aweza kufukuzwa. Na kifungu cha 148 ni cha maana zaidi: chasema kwamba katika shauri hilo neno la mwanachama anayeshtakiwa halihesabiwi. Waliokitunga walijua kwamba mshtakiwa hatakubali kujihukumu. Mpaka leo hakuna aliyefukuzwa. Meno yapo, lakini yamewekwa kabatini.

Wako watakaotujibu hivi: "Ninyi wa reli mnataka kuvunja Jumuiya? Mizigo ya Uganda, Rwanda na Kongo ndiyo ugali wenu. Mwaka 1977 Jumuiya ya kwanza ilivunjika, shirika la reli likagawanywa vipande, na watu wakapoteza kazi." Hoja hii ni nzito, na hatuitupi. Wazee wetu wa reli walioyaona mambo ya 1977 husimulia mpaka leo. Lakini tukumbuke pia jinsi Jumuiya ile ilivyokufa. Tangu Amin alipoipindua serikali mwaka 1971 wakuu watatu hawakukaa meza moja tena. Mwalimu hakutaka kukaa na Amin, na hapakuwa na utaratibu wa kumshtaki Amin bila kukaa naye. Ikabaki kununiana, mwaka baada ya mwaka, mpaka nyumba ikaanguka. Basi kununa si dawa, na kunyamaza si dawa. Dawa ni kanuni inayojulikana na wote, isiyochagua mkubwa na mdogo, ambayo kila mmoja alikwisha kuikubali kabla ya ugomvi.

Wengine watasema mambo haya ni ya marais, si ya mtu wa gengi wala mchuma majani chai. Waulizeni wavuvi wa Migingo, kisiwa kidogo katika ziwa letu, mawe matupu na mabati. Tangu Kenya na Uganda zianze kukivutania, mwaka 2008 na 2009, ni wao waliotozwa, waliokamatwa, na walionyang'anywa samaki. Mpaka ukitikisika juu, anayeanguka ni mtu wa chini.

Kwa hiyo twatoa maombi matatu, nasi twataka matawi yote yayajadili na kuyapeleka kwa viongozi wetu, wayafikishe kwa wenzetu wa nchi jirani.

Kwanza, vyama vya wafanyakazi vya Afrika Mashariki viitake Jumuiya iandike wazi kwamba kujitwalia ardhi ya mwenzako, kwa tangazo au kwa kujificha nyuma ya waasi, ni uvunjaji wa misingi unaotajwa katika vifungu vya 146 na 147. Lisiachwe neno la kubahatisha.

Pili, shauri la namna hiyo likitokea, wakuu wakutane katika siku chache, wajibu kwanza swali la nani aliyevuka mpaka, kabla ya kuanza upatanishi. Upatanishi ni mwema, lakini uje baada ya ukweli.

Tatu, sisi wenyewe tusiwe na ndimi mbili. Kama Kenya ndiyo itakayokosa, tuseme Kenya imekosa. Tukilaumu wa mbali na kumficha wa kwetu, hatutakuwa tofauti na wale waliokula chakula Addis Ababa wakanyamaza.

Ndugu yule wa sokoni alitaka kujua kama wenzetu watatusaidia. Jibu letu kwake ni hili: mkataba peke yake hautatusaidia, kama haukuwasaidia watu wa Kagera. Watakaotusaidia ni wale waliozoea kusema kweli mapema, hata juu ya rafiki. Basi tujizoeze. Siku ya mkutano wa tawi, jambo hili limetiwa katika orodha ya mazungumzo baada ya hesabu za fedha. Mje wengi, na kila mtu aje na neno lake.